Kamera na Kumbukumbu Zetu

Lugha yetu ina kitenzi kimoja kinachofanya kazi nyingi kuliko mshahara wake. Twapiga ngoma, twapiga pasi, twapiga simu, twapiga hodi, twapiga mbiu. Na tangu ujio wa kamera, twapiga picha. Atakayechunguza ataona kuwa kitendo hiki cha mwisho hakina kishindo wala nguvu. Mtu asimama, mwanga waingia katika kijitundu, kijitundu chafumba, mambo yameisha. Hata hivyo wazee wetu walioliona jambo hili kwa mara ya kwanza hawakukosea walipoliita kupiga, kwa kuwa picha hupiga mhuri juu ya wakati, na mhuri huo ukishagonga haufutiki kwa urahisi.

Katika vitabu kama hiki twazoea kusoma habari za ngoma, mashairi, ususi, uchongaji na ujenzi wa majahazi. Huenda msomaji akajiuliza kamera, chombo kilichobuniwa ughaibuni, imeingiaje katika mazungumzo ya utamaduni wa taifa. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu sura za wazee wetu, mavazi yao, majumba yao na mashaka yao imetufikia kwa njia ya picha. Lakini picha haisemi yote kwa kila mtu. Humwambia zaidi yule aijuaye kamera iliyoipiga. Kwa hiyo insha hii itazieleza aina kuu za kamera kwa utaratibu wa historia, ili mwanafunzi anayeanza kujifunza upigaji picha apate msingi, na ili mwalimu wa historia apate ufunguo wa kuzisomea picha za kale.

Nina sababu yangu mwenyewe pia. Bibi yangu, mzaa baba, alipofariki mwaka 1988 huko Pangani, aliacha kasha la mninga. Ndani ya kasha mlikuwa na kanga, na ndani ya kanga mlikuwa na bahasha yenye picha ya kijana mmoja amesimama kando ya kiti, pamoja na kipande kidogo cha negativu yake. Ukoo mzima ulikubaliana kuwa yule ni baba yake bibi, aliyefariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tuliamini hivyo kwa miaka kumi na mitano. Nitarudi kwenye bahasha hiyo baada ya kueleza aina za kamera, kwani bila elimu hiyo nisingejua kuwa tulikuwa tumekosea.

Chumba cha Giza

Asili ya jina kamera ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Wataalamu wa zamani waliita chombo chao chumba cha giza, na jina hilo lilikuwa la kweli kabisa. Mtaalamu wa Kiarabu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Misri katika karne ya 11, alichunguza jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia mahali penye giza. Alionyesha kuwa mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka. Kwa sababu hiyo mwanga utokao juu ya kitu huangukia chini ukutani, na utokao chini huangukia juu. Taswira ikawa kichwa chini miguu juu.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili bila gharama. Na azibe madirisha ya darasa moja kwa mablanketi saa za mchana wenye jua kali, aache tundu la ukubwa wa senti upande unaotazama uwanja. Wanafunzi wakishazoea giza watauona mti wa nje umesimama ukutani juu chini, na matawi yake yakitikisika kwa upepo. Hapo watakuwa wamesimama ndani ya kamera.

Kila kamera iliyopata kutengenezwa, kubwa au ndogo, ina mambo matatu: chumba chenye giza, tundu la kuingizia mwanga, na kitu cha kuupokea mwanga huo. Tundu huwekewa lenzi, yaani kioo kilichosuguliwa ili kuikusanya taswira iwe kali. Mpiga picha hutawala mambo mawili: upana wa tundu na muda wa kuliacha wazi. Tundu likipanuliwa, muda upunguzwe. Tundu likibanwa, muda uongezwe. Sisi watunzi wa mashairi tutalielewa jambo hili upesi, kwani halitofautiani na mizani: ukizidisha kipande kimoja cha mshororo na mwisho haupungui popote, shairi limeharibika. Mwanga ukizidi, picha huungua ikawa nyeupe. Ukipungua, picha huzama gizani.

Kamera ya Sahani

Kwa karne nyingi watu waliweza kuiona taswira lakini hawakuweza kuishika. Wachoraji waliifuatisha kwa kalamu tu. Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce ndiye aliyeifanya ibaki, mnamo mwaka 1826 au 1827, kwa kuacha kamera ikitazama nje ya dirisha kwa saa nyingi. Mwenzake, Louis Daguerre, aliendeleza kazi hiyo kwa kutumia sahani ya shaba iliyopakwa madini ya fedha, na mwezi Agosti 1839 serikali ya Ufaransa ikaitangaza siri ya ufundi wake kwa ulimwengu. Kila sahani ya Daguerre ilikuwa picha moja pekee. Haikuweza kutolewa nakala. Mwingereza William Henry Fox Talbot ndiye aliyefungua mlango wa nakala kwa kutengeneza negativu ya karatasi, yaani picha ya kinyume ambayo nyeupe yake ni nyeusi na nyeusi yake ni nyeupe.

Yafaa tutambue jinsi chombo hiki kilivyowahi kufika kwetu. Nahodha wa Kifaransa Charles Guillain, katika safari yake ya mwaka 1846 hadi 1848, alibeba kamera ya Daguerre katika pwani ya Afrika Mashariki, na baadhi ya michoro ya kitabu chake cha safari ilifuatishwa kutoka katika sahani hizo. Yaani haikupita hata miaka kumi tangu siri ile itangazwe huko Paris, na tayari sura za watu wa pwani yetu zilikuwa zimekamatwa na mwanga.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alileta ufundi wa sahani ya kioo iliyopakwa dawa ya majimaji. Picha zake zilikuwa kali na zilitoa nakala nyingi, lakini taabu yake haikuwa ndogo. Sahani ilipakwa dawa papo hapo, ikatiwa katika kamera, ikapigwa na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Aliyesafiri ilimbidi abebe hema la giza, chupa za dawa, maji na vioo. Au, tuseme kweli, wapagazi wetu ndio waliombebea. James Grant, aliyefuatana na John Speke kwenda kutafuta chanzo cha Mto Naili, alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini kazi yake ya picha bara aliifanya zaidi kwa brashi na rangi. Sahani kavu, iliyoweza kutayarishwa mapema na kusafishwa baadaye, ilikuja baada ya mwaka 1871 kutokana na kazi ya Richard Leach Maddox.

Kamera za sahani zilikuwa masanduku makubwa ya mbao yenye mfuko wa kukunjika kama kinanda cha mkono, yakisimama juu ya miguu mitatu. Mpiga picha alijifunika shuka jeusi nyuma yake. Muda wa kuacha tundu wazi ulihesabiwa kwa sekunde, na zamani zaidi kwa dakika. Hapa ndipo elimu ya kamera inapomfaa mwanahistoria. Mwanafunzi akitazama picha za karne ya 19 huona watu wamekaza nyuso, mikono imeganda magotini, hakuna anayecheka. Upesi husema kuwa watu wa zamani walikuwa wakali, au walikuwa na hofu. Asiseme hivyo kabla hajaifikiria kamera. Kicheko hakidumu kwa sekunde nyingi. Anayecheka mbele ya sahani hutoka na uso uliofifia kama aliyefutwa kwa kitambaa. Hata wafalme wa Ulaya katika picha za zama hizo hawacheki.

Lakini si kila ukimya katika picha hizo ni kosa la chombo. Zipo picha za zama za utawala wa Wajerumani zinazoonyesha watu wetu wamefungwa minyororo shingoni, wamepangwa mstari mmoja. Tumezizoea katika vitabu vya shule. Aliyeipanga safu hiyo na aliyesimama nyuma ya sanduku walikuwa upande mmoja. Waliotazama lenzi walikuwa upande mwingine na hawakuulizwa kama waliridhia. Jina la mpiga picha mara nyingine limehifadhiwa. Picha za Walther Dobbertin, aliyefanya kazi hiyo katika koloni hili na akaipiga vita iliyoanza 1914, zimetunzwa katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani na jina lake liko juu yake. C. G. Schillings alipata sifa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa picha za wanyama wa mbuga zetu alizozipiga usiku kwa mwako wa taa. Ama wale waliobeba sahani zake zisivunjike, na wale waliosimama mbele ya kamera za wenzake, wengi wao wamebaki bila majina. Asiyekuwapo na lake halipo, wasema wahenga; hawa walikuwapo, wanaonekana kwa macho, na bado lao halipo.

Kamera ya Sanduku na Mkanda

Badiliko kubwa lilitokea Marekani mwaka 1888. George Eastman alitoa kamera iliyoitwa Kodak, ambayo badala ya sahani ilikuwa na mkanda wa kuviringishwa wenye nafasi ya picha 100. Aliyeinunua kwa dola 25 hakuhitaji kujua dawa wala giza. Alipomaliza mkanda aliirudisha kamera nzima kiwandani Rochester, wakamsafishia picha na kumtia mkanda mpya. Mwaka 1900 kampuni hiyo ikatoa kijisanduku kilichoitwa Brownie kwa bei ya dola moja. Ndipo picha ilipotoka mikononi mwa mafundi na matajiri ikawafikia watoto wa shule.

Kamera ya sanduku haina mengi. Lenzi yake ni moja na haisogei. Muda wake ni mmoja au miwili. Mpiga picha hutakiwa asimame na jua mgongoni, hatua chache kutoka kwa anayepigwa. Ubora wake ni kuwa humfundisha anayeanza kutazama kabla ya kufyatua. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Box Brownie. Kijana huyo ndiye ambaye mwaka 1984 alipiga picha za sinema za njaa ya Ethiopia zilizoamsha misaada ya dunia nzima. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Komoro.

Tusiichanganye kamera hiyo na sanduku jingine, lile la mpiga picha wa barabarani, ambaye wasomaji wenye umri wangu na zaidi wanamkumbuka karibu na soko au afisi ya serikali. Sanduku lake la mbao lilikuwa kamera na chumba cha kusafishia kwa pamoja. Ndani mlikuwa na vibakuli viwili, kimoja cha dawa ya kuitoa picha na kingine cha dawa ya kuifanya idumu, na ubavuni palikuwa na mkono wa kitambaa cheusi ambamo fundi aliingiza mkono wake na kufanya kazi kwa kupapasa. Alipiga picha juu ya karatasi, akaisafisha, ikatoka ya kinyume. Kisha aliitundika karatasi hiyo mbele ya lenzi akaipiga tena. Kinyume cha kinyume kikawa sawa. Baada ya muda mfupi mteja alishika mkononi picha yake yenye unyevu, akaipungia upepo na kwenda nayo dirishani kuibandika kwenye fomu. Fundi huyo alizijua kanuni za mwanga na dawa barabara, ijapokuwa wengi walimwona kuwa ni mtu wa kuganga njaa tu.

Kamera za Studio

Studio nazo zina historia ndefu kwetu. Katika Unguja ya karne ya 19, A. C. Gomes na baadaye ndugu wa Coutinho, wote wenye asili ya Goa, walifungua nyumba za kupigia picha, na kadi zao za posta zilisambaa kote. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Alipiga picha zama za Usultani na baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwanawe akairithi kazi hiyo. Mombasa palikuwa na studio ya N. V. Parekh, iliyofunguliwa 1942, ambako watu wa makabila na dini zote walikwenda kujipamba mbele ya taa zake. Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa kuunganisha picha mbalimbali katika karatasi moja.

Kamera za studio mwanzoni zilikuwa zile za sahani. Baadaye ikaingia kamera ya macho mawili, ambayo Rolleiflex ya Ujerumani, ya mwaka 1929, ndiyo iliyoipa umaarufu. Ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya kutazamia, ya chini ni ya kupigia. Mpiga picha huishika kifuani na kuinamisha kichwa kutazama kioo kilicho juu yake, ambapo kulia huonekana kushoto. Mkanda wake mpana hutoa picha 12 za mraba, kila moja ikiwa na sentimita sita kwa sita au pungufu kidogo, na negativu yake kubwa hutoa picha safi hata ikikuzwa.

Namkumbuka fundi wa studio ya mji wetu nilipopelekwa kupigwa picha ya kwanza, nikiwa darasa la tatu. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa bahari na mnazi, jambo lililonishangaza, kwa kuwa bahari yenyewe na minazi yenyewe vilikuwa nyuma ya nyumba. Palikuwa na kitana, poda, na koti moja lililovaliwa na kila mtu. Fundi aliinama juu ya kamera yake kana kwamba anatusujudia. Baadaye nilitambua uzito wa jambo hili: kamera ile ya kifuani haikumtazama mtu kwa jicho la kumkabili. Na katika studio mwenye kuamua alikuwa mteja. Ndiye aliyelipa, ndiye aliyechagua koti na kiti, ndiye aliyesema akae vipi. Mkulima alitoka na saa ya mkononi, msichana na kitabu, ndugu wawili na mikono begani. Wapo wanaozicheka picha hizo kuwa ni za kujidai. Mimi nasema zililipa deni la zile picha za minyororo. Kwa mara ya kwanza watu wetu wengi walionekana kama walivyotaka waonekane.

Utamaduni huo ulidumu hata baada ya studio za kudumu kupungua. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa Likoni, Mombasa, walijenga vibanda karibu na kivuko na kuvipamba kwa mandhari ya meli, ndege na maghorofa, na wasafiri walipiga picha humo za kutuma nyumbani.

Kamera Ndogo ya Milimita 35

Aina nyingine, iliyobadili kazi ya magazeti, ni kamera ndogo ya mkanda wa milimita 35. Fundi wa Kijerumani Oskar Barnack alitaka chombo chepesi cha kubeba mlimani. Akatumia mkanda wa sinema, wenye vitundu pembeni mwa kila upande vya kuvutia kwa meno ya gurudumu. Kamera yake, Leica, iliuzwa kuanzia mwaka 1925. Kila picha ina milimita 24 kwa 36, na mkanda mmoja hutoa picha 36. Mpiga picha akaweza kukimbia, kupanda ukuta, kujichanganya na umati.

Kasoro ya kamera hizo za awali ni kwamba dirisha la kutazamia lilikuwa mbali na lenzi, hivyo kilichoonekana hakikulingana kabisa na kilichopigwa. Kamera ya kioo ndiyo iliyoondoa kasoro hiyo. Ndani yake mna kioo kilichoinama kinachoipeleka taswira ya lenzi yenyewe hadi kwenye jicho. Kidole kinapobonyeza, kioo huinuka, mwanga hupita, kisha hurudi. Exakta ya Ujerumani ilitoka mwaka 1936 kwa mkanda wa milimita 35, na Nikon F ya Japani, ya mwaka 1959, ikawa silaha ya waandishi wa habari duniani. Faida yake nyingine ni lenzi za kubadilisha. Lenzi ya milimita 50 huona karibu kama jicho. Ya milimita 28 hukusanya eneo pana, ikafaa kwa mkutano wa hadhara. Ya milimita 200 huvuta mbali, ikafaa kwa mchezo wa mpira au ndege mtini.

Taifa letu lilizaliwa katika zama za kamera hizi zinazobebeka. Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwezi Aprili 1964: ni nani kati yetu asiyeijua picha hiyo? Wengi wetu hatukuwapo, wengi hatukuwa tumezaliwa, na bado tunaikumbuka kama tulioishuhudia.

Nitaipita kwa haraka kamera ya papo kwa papo, Polaroid, aliyoibuni Edwin Land na kuuzwa kuanzia 1948. Ilitoa picha yake yenyewe kwa muda mfupi. Sifa yake ni wepesi; ila yake ni kwamba kwa kawaida haikuacha negativu. Picha ikipotea, imepotea.

Kamera ya Dijitali na ya Simu

Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson, katika kampuni ileile ya Kodak, aliunda kamera isiyotumia mkanda. Mahali pa mkanda aliweka kipande cha kielektroni kinachogeuza mwanga kuwa tarakimu. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo nne, ilipiga picha nyeusi na nyeupe ya nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja katika kaseti. Leo kamera ya mfukoni huandika nukta milioni nyingi kwa kufumba na kufumbua. Kampuni iliyoizaa elimu hiyo iliomba hifadhi ya kufilisika mwezi Januari 2012. Mtoto alikuwa amemzidi mzazi nguvu.

Kamera za dijitali anazokutana nazo mwanafunzi wa leo ni za aina nne. Kwanza ni ya mfukoni, yenye lenzi isiyotoka. Pili ni ya kioo, iliyorithi umbo la Nikon F na wenzake. Tatu ni ile isiyo na kioo, iliyoanza kuuzwa mwaka 2008, ambayo taswira yake huonekana katika kiwambo kidogo cha umeme, na kwa hiyo ni nyepesi zaidi ingawa lenzi zake hubadilishwa. Nne ni ya simu, iliyoanza kuonekana Japani karibu na mwaka 2000. Kwa anayeanza, sina shaka kumshauri aanze na ile aliyo nayo, hata ikiwa ni ya simu. Ajifunze kwanza mwanga unatoka wapi, nyuma ya mtu pana nini, na asogee kwa miguu yake kabla ya kuvuta kwa lenzi. Akishayajua hayo ndipo atafute kamera itakayomruhusu kutawala tundu na muda kwa mkono wake mwenyewe.

Yapo mashaka mapya, hata hivyo. Zamani mkanda wa picha 36 ulimfanya mtu afikiri mara mbili. Leo tunapiga mamia kwa arusi moja na hatutazami hata kumi. Simu ikiibwa au kuingia maji, mwaka mzima wa familia umekwenda nayo. Na wakati tunazijaza simu, hazina ya kale inateketea kimyakimya. Niliwahi kutumwa kikazi katika jengo moja kuukuu lililokuwa likihamwa, nikakuta maboksi ya negativu yamerundikwa uani, mvua imeyanyea, vipande vimegandana kama kurasa za kitabu kilichozama. Nilimwuliza mlinzi. Akanijibu kwa upole, "Mzee, hizo ni takataka, picha zenyewe hazionekani." Sikumlaumu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kuwa ile nyeusi ni nyeupe na ile nyeupe ni nyeusi.

Bahasha ya Bibi

Sasa narudi kwenye ile bahasha. Mwaka 2003, nikiwa nimeanza kuvutiwa na mambo haya, nilikichukua kile kipande cha negativu na kukiinua dirishani. Pembeni mwake, juu na chini, palikuwa na safu za vitundu. Nilikaa kitako. Mkanda wa vitundu vile katika kamera ya mkononi haukuenea duniani kabla ya mwaka 1925, na baba yake bibi alikuwa amekwisha kuzikwa. Yule kijana aliyesimama kando ya kiti hakuweza kuwa yeye.

Nikaenda kwa shangazi yangu, binti mkubwa wa bibi, nikamweleza. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, basi huyo ni mjomba." Bibi alikuwa na ndugu mdogo aliyeandikishwa katika King's African Rifles, akawa miongoni mwa askari waliopelekwa Burma mwaka 1944. Hakurudi. Bibi hakupenda atajwe mbele yake, na watoto wakajifunza kutomtaja, hata jina likatoweka katika mazungumzo ya nyumba yetu. Kumbe muda wote huo alikuwa ndani ya kasha, amefungwa kwa kanga, amevaa sura ya baba yake.

Nililiandika jina lake nyuma ya picha siku ileile, kwa penseli, pamoja na jina la aliyenieleza, mahali na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nawaomba walimu wanaosoma insha hii wawape wanafunzi wao kazi moja wakati wa likizo: kila mmoja atafute picha moja ya zamani nyumbani kwao, aipime, aitambue kamera iliyoipiga kwa kadiri awezavyo, kisha akae na mzee na kumwuliza, "Huyu ni nani?" Negativu zitakazoonekana zitiwe katika bahasha za karatasi, ziwekwe pakavu, mbali na joto na vumbi. Picha za simu zilizo muhimu zichapwe katika karatasi na ziandikwe majina. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala idhini ya afisi yoyote, lakini haifai kuahirishwa, kwa kuwa wazee wanaozijua sura hizo hawatatungoja. Shangazi yangu alifariki mwaka uliofuata.